Mtemi Mirambo na Mji Uliorudi Udongoni



Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, nilikuwa na picha moja niliyoipenda sana, na kila mwaka niliitundika ubaoni. Ilikuwa picha ya magofu ya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, ile nchi ambayo Maandiko Matakatifu huiita Uyunani. Mji huo ulijengwa juu ya kilima kwa mawe makubwa mno, hata Wagiriki wa baadaye walidhani kuta zake zilijengwa na majitu. Langoni pake pamechongwa simba wawili wanaokabiliana. Mwaka 1876 Mjerumani mmoja aitwaye Schliemann alichimba ndani ya kuta hizo akakuta makaburi ya wakuu wa kale, na nyuso zao zimefunikwa kwa dhahabu. Nilikuwa nikilisimulia jambo hilo kwa furaha, na wanachuo walisikiliza kimya.

Siku moja mwanachuo mmoja, kijana wa Urambo, alisimama akaniuliza: je, Mwalimu, sisi magofu yetu yako wapi? Nilimjibu haraka kwamba sisi hatukujenga kwa mawe, kwa hiyo hatuna magofu, kisha nikaendelea na somo. Kijana akaketi. Usiku ule sikupata usingizi vizuri, maana nilijua kuwa nimemjibu ovyo. Mwaka uleule wa 1876 Schliemann alipokuwa akichimba mji uliokufa zaidi ya miaka 3,000 nyuma, huku kwetu, magharibi ya Tabora, ulikuwapo mji ulio hai, wenye boma, soko, majeshi na mabalozi. Mtemi wake alijulikana Unguja, Buganda, London na Brussels. Leo mahali pale hutakuta dhahabu wala simba wa mawe. Utakuta mashamba ya tumbaku na mahindi.

Makala hii ni jibu langu kwa kijana yule, ingawa limechelewa.

Mwana wa Uyowa

Mirambo alizaliwa karibu mwaka 1840. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtyela. Baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo upande wa magharibi wa Unyanyembe. Nisemapo nchi ndogo, msomaji asifikirie wilaya au mkoa. Unyamwezi wa siku hizo ulikuwa na watemi wengi, na wengine walitawala vijiji vichache tu ambavyo mtu angeweza kuvizunguka kwa mwendo wa siku moja. Mtemi alikuwa mwenye ardhi, mwombea mvua, mwamuzi wa mashauri na mwenye haki ya kupata pembe ya tembo aliyeuawa katika nchi yake.

Wakati Mtyela akikua, mambo mawili makubwa yaliitikisa nchi. La kwanza ni kuja kwa Wangoni kutoka kusini ya Afrika. Baadhi yao, ambao huku kwetu waliitwa Watuta, walipita magharibi ya Unyamwezi wakipiga na kuteka. Hawakupigana kwa desturi ya zamani ya kurushiana mishale kwa mbali na kurudi nyumbani jioni. Walipigana kwa vikosi, kwa mkuki mfupi na ngao, wakimkaribia adui hadi kifuani. Kijana wa Uyowa aliwatazama akajifunza. Baadaye aliwafanya kuwa rafiki zake katika vita.

Jambo la pili ni njia ya misafara.

Njia iliyoleta neema na balaa

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia hiyo, ingawa wengi wetu tunaikanyaga bila kuikumbuka. Ilianza Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ndipo ikafika Tabora. Hapa iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na jingine lilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Waarabu walikuwa wamefanya makao ya kudumu Tabora tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850, wakajenga matembe yao na kupanda miembe na mitende.

Wanyamwezi walikuwa wasafiri hodari kabla ya hapo. Babu zetu walibeba mizigo ya ratili sitini na zaidi begani, wakatembea miezi mitatu hadi pwani na kurudi. Kijana asiyeona bahari alionekana bado mtoto. Walipeleka pembe, wakaleta nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, na baadaye magobori na baruti. Kwa njia hiyohiyo, tusifiche, walipita pia watu waliofungwa minyororo.

Misafara ilipopita katika nchi ya mtemi ilitozwa hongo. Neno hili leo lina aibu, lakini siku hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita njia, kama tunavyolipa leo mpakani. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Waarabu wa Tabora walitaka njia iwe yao na watemi wawe wa kuwatii. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alijaribu kuwatoza ushuru, nao wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele aliishi mwituni kwa miaka akipigana, mpaka akauawa mwaka 1865. Mirambo aliyaona hayo yote, akajua kuwa mtemi asiye na jeshi lake mwenyewe hana utemi.

Baba yake alipofariki, Mtyela aliurithi utemi wa Uyowa akiwa bado kijana sana. Akaanza kukusanya ruga-ruga, yaani askari vijana. Wengine walikuwa mateka, wengine watoro na wapagazi waliochoka na minyororo na mizigo, wengine vijana wasio na ukoo wala shamba. Aliwapa bunduki, nguo nyekundu na sehemu ya mateka. Huko vitani ndiko alikopata jina la Mirambo, ambalo watu husema maana yake ni maiti. Nchi moja baada ya nyingine ikaingia mkononi mwake. Penye mtemi aliyekubali, alimwacha akitawala chini yake. Penye aliyekataa, alimwua na kumweka ndugu wa mtemi huyo aliyemkubali.

Vita ya mwaka 1871

Katikati ya mwaka 1871 ugomvi wa ushuru na madeni kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora uliiva. Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Wakati huo alikuwapo Tabora mwandishi wa gazeti kutoka Marekani, Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Daktari Livingstone. Waarabu walimwambia kuwa vita hiyo ni ya siku chache tu, naye akajiunga nao na askari wake.

Mapema mwezi wa Agosti walikwenda kuupiga mji wa Wilyankulu. Waliuteka kwa urahisi, wakajitwika pembe, nguo na watumwa, wakaanza kurudi kwa furaha. Lakini Mirambo hakuwa amekimbia. Alikuwa amelala na watu wake katika majani marefu kando ya njia. Waarabu walipopita na mizigo yao, aliwaondokea ghafula akawaua wengi, pamoja na kijana aliyewaongoza. Waliosalia wakakimbia hadi Tabora, kila mtu na roho yake. Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, alirudi naye akiwa amekata tamaa.

Wiki chache hazijapita, mwezi huohuo wa Agosti, Mirambo mwenyewe aliivamia Tabora. Alimwua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akachoma sehemu ya mji na kuondoka na pembe na ng'ombe. Waliokimbilia Kwihara waliuona moshi ukipanda.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Stanley alilazimika kuiacha njia kuu na kuzunguka kusini kupitia Ukonongo ili afike Ujiji, ambako alimkuta Livingstone mwezi wa Novemba. Wawili hao walirudi pamoja hadi Kwihara mwezi wa Februari 1872. Livingstone alikaa kule hadi Agosti akingojea wapagazi, kisha akaondoka kwa safari yake ya mwisho. Sisi tunaijua vizuri habari hiyo, maana tembe la Kwihara tunawapeleka watoto wetu kulitazama. Lakini mara ngapi tunawaambia watoto kwamba jina lililokuwa kinywani mwa kila mtu mle tembeni siku hizo lilikuwa jina la Mirambo?

Sultani Barghash wa Unguja alipeleka askari wake bara. Walikula chakula cha Tabora, wakagombana na wenyeji, wasimshinde Mirambo. Vita iliendelea hadi karibu mwaka 1875. Pembe zilikwama, bei zikapanda pwani, wafanyabiashara wakafilisika. Mwisho wenye kutaka amani walikuwa Waarabu. Mirambo hakuwa amewafukuza Tabora, na wao hawakuwa wamemvunja.

Iselamagazi

Mji wake mkuu uliitwa Iselamagazi, si mbali na mahali palipo Urambo ya leo. Haukujengwa juu ya kilima kama Mycenae. Nchi yetu pale ni tambarare, yenye mbuga na miyombo. Nguvu ya mji ilikuwa katika boma lake, ukuta wa miti mikubwa na udongo ulioshindiliwa, wenye matundu ya kupitishia bunduki. Ndani, nyumba zilipangwa kufuata ukuta, na katikati yalikuwa makao ya mtemi. Nje ya boma vilienea vijiji na mashamba ya mtama, muhogo na viazi. Maelfu ya watu waliishi pale, watu wa kila kabila: Wanyamwezi, Watuta, Wasukuma, Waha, watu wa Manyema na watu wa pwani.

Wageni walioingia mji huo walitazamia kumkuta jambazi. Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjiana damu kuwa ndugu. Alishangaa kuona mtu mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu, ambaye ungedhani ni mfanyabiashara mpole. Ndiye aliyemlinganisha na Napoleon, yule Mfalme wa Wafaransa, na sifa hiyo imemfuata Mirambo tangu hapo. Wageni wengine waliandika kwamba hakupenda ulevi, kwamba aliamka mapema na kuhukumu mashauri mwenyewe, na kwamba alijua habari za Unguja na Ulaya kuliko walivyotegemea.

Nia yake haikuwa vita kwa ajili ya vita. Alitaka njia. Alitaka misafara ipite kwake na pembe zake zifike pwani bila kupitia mikononi mwa watu wa Tabora. Kwa hiyo alituma wajumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Akafanya urafiki na Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa Manyema, aliyepita Tabora akienda pwani na pembe nyingi. Akampokea mfanyabiashara Mswisi, Philippe Broyon. Akapelekeana barua na Dakta John Kirk, balozi wa Uingereza kule Unguja, akitumaini kwamba urafiki wa Waingereza utamwondolea shida ya Waarabu.

Daktari wa mtemi

Akaomba pia wamisionari. Mwaka 1879 alifika Urambo Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society. Mirambo alimpa mahali pa kujenga, akatibiwa naye, na mara nyingi waliketi wakiongea hadi usiku. Southon alitibu watu wengi. Wachache sana, pengine hakuna, walioiamini Injili wakati ule. Mirambo alisikiliza habari za Mungu kwa heshima, lakini hakuyaacha mambo yake.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi Waanglikana. Mwaka 1882 Southon alipigwa risasi mkononi kwa bahati mbaya, bunduki ya mmoja wa watu wake ilipofyatuka. Daktari pekee wa karibu alikuwa yeye mwenyewe. Aliitwa Copplestone, mmisionari wa CMS aliyekuwa Uyui, karibu na Tabora. Copplestone hakuwa daktari. Alikuja mbio, na mkono ukakatwa huku mgonjwa mwenyewe akimwelekeza namna ya kufanya. Hata hivyo Southon alifariki mwezi wa Julai, akazikwa Urambo. Mmoja wa LMS, mwingine wa CMS, na katika nyumba ile ya udongo hapakuwa na swali la dhehebu. Baadaye, mwaka 1898, kazi ya Urambo ilikabidhiwa kwa ndugu zetu Wamoravian, na wanaiendeleza hadi leo.

Urafiki na Waingereza haukudumu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta tembo wanne wa Bara Hindi, akijaribu kama wanyama wafugwao wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Walishuka karibu na Dar es Salaam wakiongozwa na Mwingereza, Kapteni Carter, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Juni 1880 Carter na mwenziwe Cadenhead walikuwa njiani kurudi pwani kutoka Karema. Walijikuta Pimbwe, katika mji uliokuwa unashambuliwa na jeshi la Mirambo, wakauawa. Mirambo alijitetea kwamba hakukusudia kuwaua Wazungu. Kirk hakukubali. Mlango wa Unguja ambao Mirambo alikuwa ameubisha kwa miaka mitano ulifungwa, na risasi za ruga-ruga wake mwenyewe ndizo zilizoufunga.

Mwisho wake

Katika miaka yake ya mwisho Mirambo alijenga makao mengine mapya, Ikonongo. Lakini mwili ulikuwa umechoka. Alishikwa na ugonjwa wa koo, sauti ikamwisha. Hata hivyo hakukaa nyumbani, vita vilimwita kila upande, maana kila mtemi aliyesikia kuwa simba anaumwa alijaribu kuukata mkia wake. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka kama arobaini na minne.

Mpandashalo, ndugu yake, akarithi. Alikuwa shujaa, lakini watemi wa chini hawakuwa wamefungwa na ufalme wa Urambo. Walikuwa wamefungwa na Mirambo, kwa kumwogopa au kumpenda. Mirambo alipokufa, kamba ilikatika. Mmoja alijitenga, akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Mpandashalo alikufa vitani mwaka 1890, na Wajerumani walipoingia mwaka huohuo hawakukuta ufalme wa kuvunja Urambo. Walikuta vipande.

Mambo yalikuwa tofauti hapa Unyanyembe. Mtemi Isike alijifungia katika ngome yake nje kidogo ya Tabora, akawarudisha Wajerumani zaidi ya mara moja. Mwezi wa Januari 1893 walipoingia ndani ya kuta, aliitia moto baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa. Ngome ile nayo ilikuwa ya udongo, na mvua zimeifanyia kazi yake.

Jirani yake Nyungu

Kusini ya Tabora, katika Ukimbu, alikuwapo mtu wa wakati huohuo, Nyungu ya Mawe, mtoro wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, mwenye jicho moja. Naye alikuwa na ruga-ruga, naye alikuwa mkali, pengine kuliko Mirambo. Naye, jambo la ajabu, alikufa katika Desemba ileile ya 1884. Lakini ufalme wake haukuvunjika. Mwanamke, Mgalula, aliurithi, na baada yake mwanamke mwingine, hadi Wajerumani walipouvunja mwaka 1895.

Kwa nini? Nyungu hakuwaachia watemi aliowashinda madaraka yote. Aliweka watu wake, walioitwa watwale, kila mmoja na eneo lake, wakusanye pembe na kuzipeleka kwake, na waangalie watemi wadogo. Alipokufa, watwale walibaki kila mmoja na kazi yake. Mirambo alikuwa mkubwa zaidi, mwenye akili pana na jina kubwa zaidi. Lakini kila kamba ya ufalme wake aliishika kwa mkono wake mwenyewe. Nimewaona walimu wakuu wa namna hiyo, wenye shule nzuri kuliko zote wilayani, na mwaka mmoja baada ya kustaafu huitambui shule. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, sikuwa mbali na kosa hilo.

Je, shujaa au mnyang'anyi?

Nilikuwa nikiulizwa swali hili kila mwaka na wanachuo. Katika vitabu vyetu baada ya Uhuru Mirambo ni shujaa aliyewapinga wageni. Katika vitabu vya wakoloni ni mnyang'anyi wa misafara. Jibu langu la darasani lilikuwa refu na lenye tahadhari nyingi.

Nyumbani kwetu jibu lilikuwa fupi. Mama yake babu yangu hakuzaliwa Unyamwezi. Alitekwa na ruga-ruga akiwa msichana mdogo anayechota maji, akaletwa huku, akaolewa huku, akazeeka huku bila kuwaona tena watu wa kwao. Kama ruga-ruga wale walikuwa wa Mirambo, au wa mtemi mwingine, hakuna aliyejua, wala yeye hakujali. Babu alisema kwamba hadi uzeeni, bibi yule akisikia vijana wakipiga kelele kwa mbali, aliweka chini alichoshika akasikiliza. Mimi ni mzao wake. Nisimamapo kumsifu mtemi yeyote wa zama zile, bibi huyo ameketi mbele yangu na kibuyu chake cha maji.

Kwa hiyo nasema yote mawili. Mirambo alikuwa mtu mkubwa. Alianza na vijiji vichache akajenga dola, akasimama mbele ya bunduki za pwani bila kupiga magoti, akaongea na wafalme kama mwenzao. Na chakula cha dola hiyo kilikuwa vijiji vya watu wengine. Hatuna haja ya kufuta moja ili kuandika jingine. Maandiko yetu yenyewe hayamfichi Mfalme Daudi. Yanatuonyesha ushindi wake, na yanatuonyesha pia mke wa Uria. Kanisa linaloweza kusoma habari hizo kwa sauti Jumapili lisiogope kuwasimulia watoto wake habari kamili za wazee wake.

Magofu yetu

Narudi kwa swali la kijana wa Urambo. Baada ya kustaafu nilifunga safari kwenda kutazama. Mzee mmoja alinitembeza shambani, akanionyesha mahali ambapo ardhi imeinuka kidogo tu, kiasi cha goti, ikienda mstari mrefu kati ya matuta ya muhogo. Asiyeambiwa angedhani ni kichuguu kilichobomoka. Nilisimama pale nikaikumbuka picha yangu ya ubaoni. Mji wa mawe umekaa zaidi ya miaka 3,000 ukingojea wachimbaji. Mji wa miti na udongo ulirudi udongoni kabla ya mjukuu wa mjenzi kuzeeka. Mchwa na mvua hawatofautishi nyumba ya mtemi na nyumba ya mtu.

Lakini si kweli kwamba hatukuachiwa kitu. Jina la Urambo lipo, ni wilaya na ni stesheni ya reli ya Kigoma. Hapa Tabora kuna shule yenye jina la Milambo na kambi ya jeshi yenye jina lake. Na liko neno moja kubwa zaidi. Makao ya mtemi katika lugha zetu za huku huitwa ikulu. Boma la Iselamagazi limekwisha, ngome ya Isike imekwisha, lakini Rais wa nchi hii anapokaa panaitwa Ikulu, na kila mtoto wa Tanzania analijua neno hilo, hata kama hajawahi kusikia habari za tembe la mtemi yeyote. Magofu yetu, kijana wangu, mengine yako midomoni mwetu.

Nina ombi kwa wazazi wa parokia yetu. Wazee wanaokumbuka mambo waliyoambiwa na babu zao wanapungua kila mwaka, nasi tunawazika kwa heshima pamoja na vichwa vyao vilivyojaa. Vijana wa ushirika waende na madaftari. Waulize boma lilikuwa wapi, kisima kilikuwa wapi, njia ya misafara ilipita mti gani. Waulize pia nani alitekwa, na alitoka wapi. Waandike yote mawili, kwa maana bibi mwenye kibuyu naye ni historia ya Tabora.

Bwana wetu alitufundisha habari za nyumba iliyojengwa juu ya mchanga na ile iliyojengwa juu ya mwamba. Nimeihubiri mara nyingi katika shule ya Jumapili, lakini nilipokuwa nimesimama katika shamba lile la muhogo niliisikia kwa namna nyingine. Mzee mwenyeji wangu alikuwa ananingoja. Aling'oa muhogo mmoja katika tuta lililo juu ya ukuta wa Mirambo, akaukung'uta udongo, akanipa nipeleke nyumbani. Tuliupika jioni ile, na ulikuwa mtamu.

Mungu awabariki nyote.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu, Tabora.